Yule bibi kizee kwenye tapestri si mchawi, wala si bibi

*"Naishi Limoges, Ufaransa, na kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kutunza wazee. Mama mmoja niliyemhudumia alipofariki, wanawe walinipa kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani, upana mita 2.40 na urefu mita 2.10, kizito kama zulia. Kina picha ya bibi kizee mwenye mkongojo amemwinamia msichana aliyekaa bustanini na kikapu cha matunda, bega moja wazi. Nyuma yao kuna mti mkubwa umezungukwa na mzabibu, na kuna katoto kenye mabawa. Miti yote ni ya buluu. Ukingoni chini kuna herufi M.R.D, kisha pamefutika, kisha BUSSON. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga, akasema hicho ni kizee cha kichawi kinamroga binti wa watu, nikichome. Mwanangu naye amepata kwenye intaneti picha ile ile, ila kushoto kumekuwa kulia, akasema chetu ni bandia. Muuza vitu vya kale ameniambia atanipa yuro 300. Kinanuka vumbi, nyuzi za kahawia zimeisha mahali pengi na kuna mipasuko ya kulala. Nilitaka kukifua kwenye bafu la kuogea, halafu nikipeleke nyumbani. Je, ni cha zamani kweli? Na hiyo picha ni ya nini?"*

Dada, kabla ya yote: usifungulie maji. Usikifue, usikipeleke kwa dobi, na usikichome. Mengine yanaweza kusubiri, lakini hayo matatu yakishafanyika hayana dawa.

Nianze na picha, kwa sababu ndiyo iliyozua maneno nyumbani. Yule bibi kizee ni kijana wa kiume aliyejigeuza. Anaitwa Vertumnus, mungu wa Warumi wa kale aliyehusishwa na kubadilika kwa majira, na aliyeweza kujipa umbo lolote alilotaka. Binti ni Pomona, mlezi wa miti ya matunda. Kisa chao kilisimuliwa na mshairi Mrumi Ovid, miaka 2,000 hivi iliyopita, na wachoraji wa Ufaransa walikipenda mno katika karne ya 18.

Pomona hakujali kitu isipokuwa bustani yake. Alitembea na kisu cha kupogolea mkononi, na bustani aliifunga ili wanaume wasiingie. Vertumnus akaja kama mvunaji, akaja kama mchunga ng'ombe, akaja kama askari, akaja kama mvuvi, ili mradi amwone tu. Mwisho akajitia mvi, akafunga kitambaa kichwani, akashika mkongojo, akaingia kama bibi mpita njia. Akayasifu matunda, akambusu binti, na mshairi anaongeza kwa kejeli kwamba bibi wa kweli asingebusu vile. Kisha akaketi, akamwonyesha mti uliobeba mzabibu. Mti huu ungesimama peke yake, akasema, ungekuwa na majani tu, na mzabibu usingepata mti wa kuukumbatia ungetambaa chini. Kwa hiyo mti ulio nyuma yao kwenye kitambaa chako haukuwekwa kujaza nafasi, ndio hoja yenyewe ya kijana. Ile ilikuwa posa, na mshenga alikuwa akijiposea mwenyewe. Mwishoni alivua uzee wake, binti akamwona alivyo, akampenda. Katoto kenye mabawa ni Cupid, mwana wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, na wachoraji humweka ili mtazamaji ajue kuwa mazungumzo haya ya matunda ni mambo ya mapenzi.

Kwa hiyo mama mkwe ana jicho. Aliona kuna hila, na hila ipo kweli, ila ni ya mchumba. Mwombe atazame mikono na miguu ya huyo "bibi", kwa kuwa mara nyingi mchoraji alimpa uso wa kizee na mkono wenye misuli ya kijana.

Miungu ya Warumi katika kazi hizi hutambuliwa kwa vitu walivyobeba, si kwa sura zao. Tai na radi ni Jupiter, tausi ni Juno, mwezi mwembamba juu ya paji la uso pamoja na mbwa na upinde ni Diana. Kofia yenye mabawa na fimbo ya nyoka wawili ni Mercury. Zabibu na chui ni Bacchus, ngano na mundu ni Ceres. Pomona ana kikapu cha matunda, na mara nyingine kile kisu chake. Tahadhari moja tu: ukikuta wanawake wawili vijana wamekaribiana sana na nyuma yao amejificha tai, hicho ni kisa kingine. Huyo ni Jupiter aliyejifanya Diana ili amlaghai Callisto. Chako kina uzee, mkongojo, mzabibu na kikapu, kwa hiyo sina shaka nacho.

Kuhusu hofu ya kuweka "miungu" ndani ya nyumba, historia yenyewe inasaidia. Waliozitundika tapestri hizi, yaani vitambaa vya ukutani ambavyo picha imefumwa ndani yake, walikuwa wafalme Wakatoliki na watu wao. Hakuna aliyeziabudu. Miungu ilitumika kama lugha ya picha: katika karakana ya kifalme ya Gobelins, Paris, mchoraji Claude Audran alibuni mapazia ya milango yenye miungu wanane, ambamo Venus alisimama kwa majira ya kuchipua, Ceres kwa kiangazi, Bacchus kwa mavuno, Saturn kwa baridi, Juno kwa hewa, Diana kwa ardhi, Neptune kwa maji na Jupiter kwa moto. Huko Aubusson, mji wa Ufaransa ambao nadhani ndio unaotajwa na ile BUSSON ya ukingoni kwako, wafumaji wengi walikuwa Waprotestanti, watu wakali wa dini, na wengi wao waliikimbia Ufaransa mwaka 1685 mfalme alipofuta sheria iliyowapa uhuru wa kuabudu.

Tena mara nyingi wenye nazo hawakujua hata zinasema nini. Mwezi Mei 1770, Marie-Antoinette akiwa binti wa miaka 14 alikabidhiwa kwa Wafaransa katika jengo lililojengwa kisiwani katika mto Rhine, karibu na Strasbourg. Kuta zilipambwa kwa tapestri za kisa cha Jason, Medea na Creusa, yaani ndoa iliyoishia kwa sumu na mauaji ya watoto. Goethe, mwandishi Mjerumani aliyekuwa mwanafunzi mjini Strasbourg, aliziona akashangaa kwa sauti: hakuna hata mtu mmoja aliyefikiri kwamba bi harusi ana macho? Kama mama mkwe wako angekuwepo siku ile, angepata mwenziwe.

Na moto? Tapestri nyingi bora za kifalme zilichomwa kweli mwaka 1797, lakini sababu haikuwa miungu. Serikali ilitaka kupata dhahabu na fedha zilizofumwa ndani yake.

Sasa hoja ya mwanao. Picha kugeuka kushoto kulia hakuthibitishi ubandia hata kidogo. Aubusson walifumia kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa mlalo. Mfumaji hukaa juu ya kazi yake, upande wa nyuma ndio unaomwangalia, na mchoro wa kufuatisha umewekwa chini ya nyuzi. Kinachotokea upande wa mbele ni kinyume cha mchoro. Aliyetaka picha isigeuke alilazimika kuuchora mchoro wake kinyume tangu mwanzo, na si kila karakana ilijisumbua. Zaidi ya hapo, karakana za Aubusson mara nyingi hazikuwa na mchoro wa asili wa bwana mkubwa wa Paris. Zilitumia picha zilizochapwa kutoka bamba la shaba, na kuchapa nako hugeuza picha. Ikigeuka mara moja inakuwa kinyume, ikigeuka mara mbili inarudi ilivyokuwa. Ndiyo maana Pomona huyo huyo anaweza kukaa kushoto kwenye kitambaa kimoja na kulia kwenye kingine, na vyote viwili vikawa vya karne ile ile.

Kosa linalowapata wengi ni kuamini kwamba picha inatoa umri. Haitoi. Vertumnus na Pomona walichorwa na François Boucher kwa ajili ya karakana za Beauvais na Gobelins katikati ya karne ya 18, lakini mitindo hiyo iliigwa tena katika karne ya 19 na ya 20, kwa mkono na kwa mashine. Wanaojua umri ni nyuzi na upande wa nyuma.

Kilaze kifudifudi, maana yake picha ikitazama chini, juu ya shuka safi. Bila shaka kina bitana ya kitani au pamba. Chagua kona moja ya chini, ukate mishono ya bitana mmoja mmoja kwa mkasi mdogo, sentimita 15 zinatosha. Usivute. Kisha tazama. Kama kimefumwa kwa mkono, utaona picha ile ile imegeuka, ina rangi kali kuliko mbele, na miisho ya nyuzi inaning'inia huku na huku kila rangi inapokoma. Hii ni kwa sababu katika tapestri ya kweli uzi wa rangi hauvuki upana wote. Unakwenda hadi mpaka wa umbo lake, unarudi. Kama kimetoka kwenye mashine ya Jacquard, iliyobuniwa Lyon mwanzoni mwa karne ya 19, nyuma utaona mistari mirefu ya rangi inayokwenda ukingo hadi ukingo, na picha imevurugika. Kama nyuma ni nyeupe kabisa na rangi iko mbele tu, ni kitambaa kilichochorwa. Na ukiona matundu madogo ya mraba yenye mishono juu yake, hiyo ni kazi ya kutarizi kwa sindano, ni ufundi tofauti.

Ile mipasuko ya kulala uliyoitaja inanipa moyo. Tapestri za Ulaya hufumwa kwa ubavu: zikitundikwa, nyuzi za mtande, yaani zile zinazotandikwa kwanza kwenye kitanda cha mfumi, zinalala mlalo, na mishindio, yaani nyuzi za rangi zinazopitishwa kati yake, ndiyo inayosimama na kubeba uzito wote. Mahali rangi mbili zinapokutana sambamba na mtande, hubaki mwanya, nao hushonwa baadaye kwa sindano. Ule uzi wa kushonea ukioza, mwanya unafunguka kwa mlalo, kama ulivyoona. Kitambaa cha mashine hakina mianya hiyo.

Halafu hesabu matuta, kila tuta ni uzi mmoja wa mtande uliofunikwa na rangi. Weka rula wima juu ya picha, hesabu matuta ya mlalo ndani ya sentimita 5, gawanya kwa 5. Aubusson ya karne ya 18 mara nyingi huwa na mitande 4 hadi 6 kwa sentimita, Gobelins na Beauvais ni laini zaidi, 7 hadi 10. Pale nyuzi za kahawia zilipoisha utauona mtande mtupu. Ukiwa wa sufu, yenye manyoyamanyoya na rangi ya maziwa, ni dalili nzuri. Ukiwa wa pamba nyeupe, laini na isiyong'aa, nadhari yangu inahamia mwishoni mwa karne ya 19 au baadaye. Kama kuna kipande cha uzi kilichodondoka chenyewe, kichome kwa kibano juu ya sahani: sufu hunuka nywele zilizoungua, pamba hunuka karatasi. Uzi ambao bado umeshika usiuguse.

Miti ya buluu nayo ina maelezo yake. Mpaka katikati ya karne ya 19 hapakuwa na rangi za kemikali. Kijani kilipatikana kwa kuchovya sufu katika rangi mbili: buluu ya jamii ya nili, ambayo ni imara, na njano ya mmea wa porini, ambayo haivumilii jua. Mwanga ukala njano, ikabaki buluu. Funua ile kona, na kama kuna majani karibu, yatazame nyuma. Yakiwa ya kijani nyuma na buluu mbele, kitambaa kimeona miongo mingi ya mwanga. Yakiwa buluu pande zote mbili, uwe na shaka, kwa sababu baadhi ya waigaji walifuma miti ya buluu tangu siku ya kwanza ili kazi ionekane kuukuu.

Nyuzi za kahawia zimeisha kwa sababu nyingine kabisa. Rangi nyeusi na kahawia zilipikwa kwa madini ya chuma, na chuma kikikaa ndani ya sufu kinaila polepole mpaka inakuwa unga. Ndiyo maana mistari ya kuzunguka maumbo na vivuli hutangulia kufa, huku nyekundu iliyo jirani ikiwa nzima. Ukiona pia sehemu zinazong'aa, kama matunda au mikunjo ya nguo, zimekatika, hiyo ni hariri iliyochoshwa na mwanga. Si uchafu, na hakuna sabuni itakayoirudisha.

Herufi M.R.D na BUSSON zinasomeka kama alama ya Manufacture Royale d'Aubusson. Colbert, waziri wa Louis XIV, aliipa Aubusson haki ya kuitwa karakana ya kifalme mwaka 1665. Usidhani ilikuwa nyumba moja ya mfalme kama Gobelins: zilikuwa karakana binafsi za mji mzima, zikiuzia wateja wa kawaida wenye pesa. Herufi hizo ni ushahidi mzuri ikiwa zimefumwa pamoja na ukingo, na ukingo wenyewe ukawa umefumwa pamoja na picha. Kama ukingo umeshonewa juu, unaweza kuwa umetoka kwingine au umewekwa baadaye. Tazama kwa nyuma kama mitande inaendelea bila kukatika.

Kwa yale uliyonieleza, naona dalili nyingi za Aubusson iliyofumwa kwa mkono. Karne gani, sitasema bila mtu kuiona kwa macho.

Turudi kwenye maji. Sufu ikilowa inakunywa maji mengi, na kitambaa cha ukubwa huo hutakiinua peke yako. Ukikinyanyua kwa kingo, uzito wote unaangukia kwenye mishindio iliyokwisha kudhoofika, na inachanika. Rangi nyekundu inaweza kumwagikia nyeupe. Bitana na tapestri hazinywei kwa kiasi kimoja, kwa hiyo kikikauka kinajikunja na hakinyooki tena. Mashine ya dobi ya kusafisha kavu ni mbaya vilevile, kwa sababu ngoma yake inazungusha na kukipigapiga. Karakana za wahifadhi husafisha kwa mitambo maalumu, kitambaa kikiwa kimelazwa, baada ya kupima kila rangi kama inachuja.

Unachoweza kufanya nyumbani ni kuondoa vumbi. Kilaze, chukua mashine ya kufyonza vumbi iweke nguvu ya chini kabisa, funga mdomo wake kwa kipande cha chandarua, upite taratibu kufuata matuta, mbele na nyuma. Ruka sehemu zenye nyuzi zilizokatika. Chunguza nondo: mabaka yenye upara, vijifuko vidogo vyeupe, chengachenga kama mchanga. Ukiziona, kifunge kwenye plastiki mbali na nguo na mazulia, umpigie mhifadhi. Dawa ya kugandisha ipo, lakini friza ya nyumbani haitoshi kitambaa hiki bila kukikunja, na mkunjo unavunja nyuzi.

Usikitundike kwa misumari wala vibanio. Mpaka apatikane fundi wa kukishonea utepe wa velcro juu kote, kiviringishe. Tafuta bomba la kadibodi lenye kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa mita 2.30, lifunike kwa pamba safi, uanze kuviringisha kutoka ubavu wa kushoto au wa kulia wa picha, picha ikitazama nje. Mipasuko usiishone kwa uzi wa polista. Uzi huo ni mgumu kuliko sufu, utaikata kama waya.

Hizo yuro 300, usizikatae kwa hasira wala usizipokee. Anayetaka kununua si mtu wa kukupangia bei. Nikuambie ukweli pia: soko la tapestri za Aubusson limeshuka ukilinganisha na zamani, nyumba za leo hazina kuta za kutosha, na nyuzi zilizokufa zinapunguza thamani. Gharama ya kukitengeneza chote inaweza kupita bei ya kukiuza, kwa hiyo usianze matengenezo makubwa kabla ya makadirio. Wauza kwa mnada wa Ufaransa hutoa makadirio kwa picha, mara nyingi bila malipo. Piga picha kitambaa chote kwa mbele, kona uliyoifungua kwa nyuma, herufi, rula juu ya matuta, na uharibifu ulivyo. Tuma kwa wawili au watatu, si mmoja. Halafu kutoka Limoges Aubusson si mbali, na huko kuna Cité internationale de la tapisserie, makumbusho na kituo cha tapestri kilichofunguliwa mwaka 2016, na mji wenyewe una mafundi na wahifadhi wa kazi hii hii. Huko ndiko pa kwenda ukiwa na kitambaa chenyewe. Wakati huohuo, waombe wale watoto wa marehemu wakuandikie barua fupi yenye sahihi kwamba walikupa. Mnada utaiuliza.

Na Tanga? Mimi singekipeleka. Hewa ya pwani hukaa na unyevu mwingi mwaka mzima, na sufu iliyobanana na ukuta kwenye unyevu unaozidi asilimia 65 kwa muda mrefu huota kuvu, hasa nyuma usikokuona. Nondo nao hawana msimu wa baridi wa kuwapunguza. Kama nia yako ni hiyo kweli, utahitaji chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa, ubao wa kukitenga na ukuta, na mapazia ya kuzuia jua. Uliza pia kuhusu kibali kabla ya kukisafirisha, kwa sababu Ufaransa inadai hati kwa vitu vya kale vinavyovuka viwango fulani vya umri na thamani, na muuza mnada atakayekupa makadirio ndiye anayeweza kukuambia kama chako kinahusika.